John Williamson (mwanajiolojia)

John Thoburn Williamson (Montfort, Quebec, Kanada, 10 Februari 1907 – Mwadui, Tanganyika, Januari 1958) alikuwa mwanajiolojia kutoka Kanada aliyegundua almasi za Mwadui mwaka 1940 na kuanzisha mgodi ambao hadi leo unajulikana kwa jina lake. Mwadui iko leo katika Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga, jirani na wilaya za Maswa na Meatu za Mkoa wa Simiyu. Zamani hapakuwa na mpaka wa mkoa kati yao, kwa sababu Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa sehemu ya Mkoa wa Shinyanga hadi Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012.

Nje ya Tanzania anakumbukwa hasa kwa jiwe moja la rangi ya waridi alilompa Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza, mwaka 1947. Jiwe hilo linaitwa almasi ya waridi ya Williamson.

Maisha ya awali na elimu

Williamson alizaliwa Montfort, katika jimbo la Quebec. Alipoingia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal alikusudia kusoma sheria. Kiangazi kimoja alikwenda Labrador pamoja na msafara wa wanajiolojia, akarudi akiwa ameyapenda mawe kuliko vitabu vya sheria. Alibadilisha masomo, akapata shahada ya kwanza mwaka 1928, ya uzamili mwaka 1930 na ya uzamivu mwaka 1933, zote McGill.

Mwaka ule uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka na kazi za jiolojia zilikuwa adimu Kanada. Afrika ilikuwa tofauti: bei ya dhahabu ilikuwa imepanda, na makampuni yalikuwa yakitafuta madini tangu Afrika Kusini hadi Ziwa Viktoria. Williamson alimfuata mmoja wa walimu wake hadi Afrika Kusini, akaajiriwa katika utafutaji wa madini huko Rhodesia ya Kaskazini (leo Zambia). Huko kusini ndiko alikopata hamu ya almasi.

Kutoka Mabuki hadi Mwadui

Katikati ya miaka ya 1930 alifika Tanganyika, iliyokuwa chini ya Uingereza, akafanya kazi kwenye mgodi mdogo wa almasi wa Mabuki, kusini mwa Mwanza. Almasi zilikuwa zimeonekana Mabuki kabla yake, lakini zilikuwa chache, na wenye kampuni walitaka kuufunga mgodi. Williamson hakukubali kuondoka. Alijipatia haki za kuendelea kutafuta, akawa mtafutaji wa kujitegemea asiye na mtaji.

Ili kuelewa alichokitafuta ni lazima kueleza kidogo jinsi almasi inavyofika juu ya ardhi. Almasi huundwa zaidi ya kilomita 100 chini ya ardhi, kwa joto na shinikizo kubwa. Volkeno za aina ya pekee huzipandisha pamoja na mwamba uitwao kimberlaiti, na mwamba huo ukipoa hubaki kama bomba lililosimama wima ardhini, pana juu na jembamba chini. Mvua na mito huumomonyoa mdomo wa bomba na kuzitawanya almasi mbali. Kwa hiyo mtu anaweza kuokota almasi mtoni bila kujua chanzo chake kiko wapi, na anayekosa chanzo hukosa utajiri wenyewe.

Almasi ni chache mno kuzifuata moja moja. Watafutaji hufuata madini mengine yanayotoka katika bomba hilohilo kwa wingi zaidi, hasa garneti nyekundu na ilmenaiti nyeusi. Huchukua changarawe hapa na pale, huzichekecha kwa maji, huhesabu punje, kisha huelekea upande ambako punje zinaongezeka na bado hazijasagika kwa safari. Kazi hiyo haina fahari yoyote. Ni kutembea, kuchimba vishimo, kuchekecha, kuandika na kuhama.

Usukumani kazi hiyo ilikuwa ngumu kuliko mahali pengi, kwa sababu nchi ni tambarare. Kati ya vilima vya mawe ya matale kuna mbuga pana za udongo mweusi ambao masika hunata kwenye magurudumu na kiangazi hupasuka. Maji ya kuchekechea hupatikana kwa miezi michache tu. Williamson aliizunguka nchi hiyo kwa miaka kadhaa pamoja na vibarua Wasukuma, akiishi kwa mikopo na akiugua mara kwa mara. Msaada wake mkubwa ulitoka kwa Iqbal Chand Chopra, wakili mwenye asili ya Uhindi aliyefanya kazi Mwanza. Chopra alimpa fedha wakati ambapo hakukuwa na dalili yoyote kwamba zingerudi, naye baadaye akawa mwenye hisa katika kampuni. Simulizi nyingi za Ulaya kuhusu ugunduzi huu humtaja Chopra kwa mstari mmoja au humwacha kabisa, ingawa bila fedha zake utafutaji ungekwama kabla ya mwaka 1940.

Tarehe 6 Machi 1940 almasi ilipatikana Mwadui, karibu na kijiji cha Maganzo, kaskazini-mashariki mwa mji wa Shinyanga. Hadithi maarufu husema ilikuwa chini ya mbuyu. Mibuyu ni mingi katika eneo hilo, na hadithi hiyohiyo husimuliwa pia kuhusu jiwe la waridi lililopatikana miaka saba baadaye, kwa hiyo inafaa kuichukua kama hadithi. Lisilo na shaka ni ukubwa wa kilichokuwa chini. Bomba la Mwadui lina eneo la hekta 146 juu ya ardhi, yaani karibu kilomita moja na nusu ya mraba. Ni kubwa mara nyingi kuliko mabomba mashuhuri ya Kimberley, na ni miongoni mwa makubwa kabisa yaliyowahi kuchimbwa kibiashara duniani.

Ukubwa huo una maelezo yake. Mahali pengi mmomonyoko umeondoa mdomo wa bomba na kuacha shingo yake tu. Mwadui mdomo umebaki, pamoja na mashapo ya ziwa lililokuwa ndani ya kreta ya volkeno. Williamson alikuwa akitembea juu ya volkeno nzima bila kilima chochote cha kumwonyesha.

Mgodi wakati wa vita

Ugunduzi ulikuja wakati mbaya. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimeanza, mashine hazikupatikana, na meli zilibeba mahitaji ya jeshi kwanza. Mitambo ya kwanza ya Mwadui ilikuwa ya kuunganisha vyuma vilivyopatikana karibu. Changarawe za juu zilikuwa tajiri kuliko mwamba wa chini, kwa hiyo hata vifaa duni vilitosha kuanzia. Kwa upande mwingine, vita vyenyewe vilihitaji almasi za kiwandani kwa ajili ya kukatia na kunolea vyuma, na mgodi ulipata mnunuzi.

Kimberlaiti ya Mwadui si tajiri. Mwamba wa kawaida una takriban karati 6 katika kila tani 100, na kwa kuwa karati moja ni gramu 0.2, hiyo ni gramu moja na kidogo ya almasi katika shehena ya malori kadhaa. Mgodi uliishi kwa sababu ya wingi wa mwamba, urahisi wa kuuchimba ukiwa juu, na ubora wa mawe. Sehemu kubwa ya almasi zake zilifaa kwa vito, na mara chache yalitoka mawe yenye rangi.

Baada ya vita Williamson alijenga mji kamili katikati ya pori: nyumba, hospitali, shule, karakana, uwanja wa ndege na mabwawa ya maji. Maelfu ya watu waliajiriwa, wengi wao Wasukuma. Kwa kijana wa Maswa au Bariadi wa miaka ile, Mwadui ilikuwa njia mojawapo ya kupata mshahara bila kwenda pwani kwenye mashamba ya mkonge, wakati pamba ilikuwa bado inaanza kushika kasi Usukumani.

Mji ulizungushiwa uzio na kulindwa, na sheria ya kikoloni ilimfanya mhalifu mtu yeyote aliyekutwa na almasi ghafi bila leseni. Hapa ndipo hadithi ya Williamson inapotofautiana na ya watu waliomzunguka. Kwa mtaalamu mwenye leseni, jiwe zuri lilikuwa mali na sifa. Mkulima aliyeliokota shambani mwake baada ya mvua alikuwa ameokota kesi.

Jiwe la waridi

Mwezi Oktoba 1947 ilipatikana Mwadui almasi ghafi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, sawa na gramu 10.9. Almasi isiyo na rangi ni kaboni safi yenye mpangilio timilifu. Rangi ya waridi haitokani na uchafu ndani yake, kama ilivyo kwa mawe mengi yenye rangi, bali na mkunjo: fuwele ilisukumwa na kupindika ikiwa bado chini sana ardhini, na mkunjo huo hubadilisha mwanga unaopita. Mawe ya namna hiyo yenye ukubwa huo na usafi huo ni machache mno duniani.

Novemba mwaka huohuo Elizabeth aliolewa na Philip, na Williamson akampa jiwe hilo kama zawadi ya harusi. Alilitoa likiwa ghafi, kama lilivyotoka ardhini. Machi 1948 Elizabeth na bibi yake, Malkia Mary, walitembelea karakana ya Briefel and Lemer mjini London, ambako jiwe lilikuwa likikatwa. Lililobaki lilikuwa almasi ya mviringo yenye karati 23.6. Mwaka 1953, mwaka wa kutawazwa kwa Elizabeth, kampuni ya Cartier iliifanya kuwa kiini cha bruchi yenye umbo la ua, petali zake zikiwa almasi nyeupe. Malkia aliivaa mara nyingi, ikiwemo kwenye harusi ya mwanawe Charles mwaka 1981.

Hesabu ya karati hizo inastahili kuangaliwa mara mbili. Zaidi ya nusu ya jiwe ilipotea kwenye gurudumu la mkataji. Kwa sonara hilo si hasara, kwa kuwa ndiyo bei ya mng'ao. Wakusanyaji wa vielelezo vya madini huhesabu kinyume. Kwao thamani imo katika fuwele ya asili: pembe zake, alama za kukua kwake, mwamba uliolishikilia. Fuwele ikishakatwa hairudi. Almasi ya waridi ya Williamson kama ilivyokuwa kabla ya 1948 haipo tena, na pamoja nayo ulipotea ushahidi ambao mwanajiolojia angeusoma usoni mwa jiwe.

Jambo hilohilo hutokea kila siku kwa dhahabu ya kanda ya ziwa, bila bruchi yoyote kutengenezwa. Katika machimbo ya wachimbaji wadogo, yakiwemo ya Bariadi na Busega, dhahabu iko katika mishipa ya mawe ya kwazi, mara nyingi punje ndogo zisizoonekana kwa macho. Pale inapotokea kama majani au matawi yanayong'aa juu ya jiwe jeupe, ni kitu ambacho majumba ya makumbusho hukitafuta, na huweza kuuzwa kwa bei ya juu kuliko uzito wake wa dhahabu. Lakini mchimbaji anayedaiwa pampu na chakula hana sababu ya kujua hilo. Jiwe huingia kwenye kinu, husagwa, huchanganywa na zebaki na kuchomwa, na uzuri wake huisha kabla ya jioni. Fedha ya asili ni adimu zaidi, kwani katika eneo hili fedha hupatikana kwa kawaida ikiwa imechanganyika ndani ya dhahabu yenyewe.

Ugomvi na wauzaji wa dunia

Biashara ya almasi ya wakati ule ilikuwa mikononi mwa kundi moja lililoongozwa na De Beers chini ya Ernest Oppenheimer. Kundi hilo lilinunua karibu almasi zote ghafi za dunia na kuziachia sokoni kwa kiasi kinachoilinda bei. Mgodi mpya mkubwa ulio nje ya kundi ulikuwa tishio, hasa ukiwa mali ya mtu mmoja asiye na wanahisa wa kumshinikiza.

Williamson alikubaliana na kundi hilo baada ya vita, kisha wakagombana kuhusu bei na kiasi cha almasi ambazo angeruhusiwa kuuza. Alifanya jambo ambalo wachache wangeweza: alizuia almasi zake. Zilirundikana ghalani badala ya kwenda London, wakati gharama za mji na mishahara zikiendelea kulipwa. Serikali ya kikoloni iliyotegemea kodi ya mgodi iliingilia kati, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 makubaliano mapya yalifikiwa yaliyompa nafasi nzuri zaidi katika mauzo.

Ugomvi huo ulimfanya shujaa katika magazeti ya Uingereza na Kanada, yaliyompenda kama tajiri mpweke aliyewasumbua wakubwa. Picha hiyo ina ukweli wake, lakini haikugusa suala la nani alikuwa na haki juu ya mawe yenyewe. Pande zote mbili za meza zilikuwa za wageni, na wenyeji wa ardhi hiyo hawakuwa na kiti.

Miaka ya mwisho

Williamson hakuwahi kuoa. Aliishi Mwadui, akisafiri kidogo kadiri miaka ilivyokwenda, na alijulikana kwa kukwepa waandishi wa habari na kwa unywaji mkubwa wa pombe. Mwaka 1956 Margaret, mdogo wake Elizabeth, aliutembelea mgodi katika ziara yake ya Afrika Mashariki. Wakati huo afya ya mwenyeji wake ilikuwa ikidhoofika. Aliugua saratani ya koo, akafariki Mwadui mwezi Januari 1958 akiwa na umri wa miaka 50.

Hisa zake zilirithiwa na ndugu zake. Katika mwaka huohuo wa 1958 mgodi uliuzwa, kwa takriban pauni milioni 4, ukawa wa De Beers na serikali ya kikoloni kwa nusu kwa nusu. Kampuni aliyoipinga kwa miaka mingi ilihitaji miezi michache tu baada ya kifo chake kuingia Mwadui.

Baada yake

Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, na mgodi uliingia katika nchi huru ukiwa miongoni mwa vyanzo vyake vikubwa vya mapato ya madini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ulitaifishwa. Uzalishaji ulishuka kadiri changarawe tajiri zilivyokwisha na mitambo ilivyochakaa. De Beers ilirudi mwaka 1994, na mwaka 2009 sehemu yake ikanunuliwa na Petra Diamonds, serikali ikibaki na asilimia 25 wakati huo. Mawe ya waridi hayakwisha: mwaka 2015 lilipatikana moja la karati 23.16 lililouzwa kwa zaidi ya dola za Marekani milioni 10. Jina la Mwadui lilijulikana pia kupitia klabu ya soka ya mgodini iliyocheza Ligi Kuu ya Tanzania.

Sheria za uchimbaji zimebadilika sana tangu enzi za Williamson. Leseni ndogo za uchimbaji sasa ni za Watanzania peke yao, usafirishaji wa madini ghafi nje ya nchi ulipigwa marufuku mwaka 2017, na tangu 2019 serikali imefungua masoko ya madini mikoani ili mchimbaji mdogo auze hadharani. Katika masoko hayo dhahabu hupimwa kwa uzito na usafi. Hakuna mizani inayopima umbo la fuwele, na kipande cha kwazi chenye dhahabu ya matawi bado huenda kinuni.

Bomba la Mwadui bado linachimbwa. Kampuni inayoliendesha inaitwa Williamson Diamonds, na bruchi iliyomo almasi ya waridi imebaki katika familia ya kifalme ya Uingereza. Mwaka 2012, mwaka ambao Bariadi ilipata kuwa makao makuu ya mkoa mpya wa Simiyu, bruchi hiyo ilionyeshwa kwa umma katika kasri la Buckingham mjini London.